Gasto Aende Nawe

Filomena mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini asubuhi nimekusikia ukicheka na jirani pale kwenye bomba la maji, kwa hiyo najua hujambo. Mimi pia sijambo. Miguu inauma kidogo, na hiyo unaijua. Baba yako yuko kazini. Wewe umetoka kuwaaga rafiki zako wa siti, kule nje ya kambi, na ukiaga wewe unachelewa kurudi, basi nina muda mpaka king'ora cha saa kumi. Gasto amelala mkekani karibu nami. Ameweka mkono juu ya kiatu changu ili nisiondoke bila yeye kujua.

Sitakuandikia habari za uji wake, wala za maji ya kuchemsha, wala za kwinini. Masista wa dispensari wamekufundisha hayo yote, na tangu Gasto azaliwe umekuwa ukinifundisha mimi, kana kwamba wewe ulijilea mwenyewe. Nimesikiliza vizuri. Vingine vilikuwa vya kweli.

Naandika ili kukujibu. Jumamosi, tulipokuwa tunachambua majani ya sombe, uliniambia bila kuinua macho: "Mama, naona nimuache Gasto hapa kwako. Kule Ankoro mama bukwe, mama ya bwana yangu Alfonsi, atamukamata, sawa vile nkambo alinikamataka miye. Mi nitaenda peke, nicheze arusi ya dada ya Alfonsi, nifike Albertville, nipange nyumba. Kisha mutaniletea ye." Nikakuambia nitakujibu kabla hujasafiri. Leo jioni nitakujibu kwa mdomo, neno moja tu: Gasto anaenda nawe. Utakasirika, utaniuliza sababu, nami nitasema sababu iko ndani ya kikapu, chini ya nguo zake, na usiiguse kabla treni haijapita Jadotville. Nimechagua kuandika kwa sababu mdomoni ingetoka vingine. Ningelia, nawe ungenisamehe kabla ya kusikia, halafu tungepika chakula, na jambo lenyewe lingebaki bila kusemwa.

Habari ya nkambo, mama yake baba yako, nimekusimulia mara nyingi. Kwamba tulikwenda Mulongo arusini wewe ukiwa mdogo. Kwamba yeye alikushika mbele ya watu wote, kwa sababu desturi ya kwao ni mtoto akiacha ziwa akalelewe na nkambo. Kwamba mimi, mkwe mdogo, sikuwa na la kusema, nikapanda meli nikilia. Nimeisimulia hivyo mpaka na mimi nilikuwa nayaona machozi yale. Hayakuwapo. Nkambo hakukushika. Mimi nilikuacha, na yeye alikataa.

Sasa limeandikwa. Gasto amegeuka upande mwingine, bado amelala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa na mwaka na miezi minane, unatembea, unanyonya, na unauma. Shangazi yako wa mwisho aliolewa Mulongo kwao, na kampuni haikumpa baba yako likizo, basi karatasi ya safari ikaandikwa jina langu na lako tu. Baba yako alitaka ndugu zake wauone mji kwako. Akakununulia dukani kwa Mgiriki viatu vyeupe vyenye kifungo pembeni. Katika kambi yetu hapakuwa na mtoto mwingine mwenye viatu kama vile, na mimi nilikutembeza navyo Jumapili tatu mfululizo, nikipita njia ndefu.

Treni ya siku zile unaijua kwa masimulizi. Viti vya mbao, madirisha wazi, na cheche za moshi zinaingia machoni. Nilikufunika uso na kitenge, ukakitoa. Nilikupa muhogo, ukamtupia baba mmoja aliyekuwa amelala. Karibu na Tenke ulivua kiatu cha kushoto, ukakiangalia, ukakitupa nje. Nilikuchapa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukuchapa, na watu wa behewa lote waligeuka, nikaona aibu, nikakunyonyesha ili waone kwamba mimi ni mama mzuri. Ukaniuma.

Bukama tulipanda meli. Sisi tuliwekwa kwenye tishari, lile boti bapa lisilo na injini linalofungwa ubavuni mwa meli, pamoja na kuni na mbuzi. Halikuwa na ukuta. Maji yalikuwa hapa, na wewe ulikuwa unataka kuyashika. Nilikufunga kiunoni mwangu kwa kitenge, nawe ukawa unazunguka kadiri kitenge kinavyofika, siku mbili. Sikulala. Nilipofumba macho, kitenge kilivutwa, nikaamka. Wewe na Gasto mna macho mamoja, na hamna huruma hata moja katika safari.

Tuliposhuka Mulongo nilikuvika kile kiatu kimoja. Usicheke. Nilitaka wakione. Nilisema moyoni, kimoja ni afadhali kuliko hakuna, wataelewa kwamba cha pili kilikuwapo. Ukaanza kutembea kuelekea kwa watu, mguu mmoja juu, mguu mmoja chini. Nkambo alitoka mbele, mwanamke mfupi, mikono inanuka samaki, akainama. Alisema kwa Kiluba, nami nakuandikia kwa maneno yetu ya hapa.

"Uyu mutoto iko na kilonda ku muguu?"

"Hapana, mama. Ni kiatu."

"Na ingine iko wapi?"

"Ilibakia mu njia."

Alicheka sana. Akakuvua, akakitundika kile kiatu kwenye mti wa ukuta ndani ya nyumba, akakuweka mgongoni. Kile kiatu unachosema ulikuwa unafungia panzi ndani yake, ndicho hicho.

Arusi ilikuwa ya siku tatu. Nikuambie kilichonipata mimi, maana arusi zenyewe zinafanana. Siku ya kwanza sikukushika. Ulipita kutoka mgongo huu mpaka mgongo ule, shangazi, binamu, wanawake nisiowajua majina, na kila nilipokutafuta nilikuta uko mahali unakula. Nikakaa chini. Wakaniletea bukari, ugali wa kwao, na samaki wa siku ile. Nikatia mkono, bukari ikaniunguza vidole, nikashangaa. Tangu uzaliwe sikuwa nimekula bukari ya moto. Siku zote ilikuwa kukulisha wewe kwanza, kukupangusa, kukufukuza motoni, na kula kilichopoa. Niliila yote, polepole. Hakuna aliyeniita.

Siku ya pili nililala mpaka jua likawa juu. Siku ya tatu nilicheza. Mama zake baba yako walikuwa wanasema mwanamke wa mjini hawezi kucheza, nikawaonyesha, na pombe ya munkoyo ilikuwa nyingi. Jioni ile maziwa yalinijaa, kifua kinauma. Wewe ulikuwa unacheka mahali nyuma ya nyumba ya pili, nilikusikia. Sikukuita. Nilikwenda nyuma ya ghala nikayakamua chini, kwenye mchanga, nikafunika kwa mguu. Katika yote ninayokuandikia, hilo ndilo linaloniuma zaidi, na lilikuwa jambo dogo.

Asubuhi ya nne meli ilikuja kuchukua kuni. Nkambo alikuwa amekuogesha, amekupaka mafuta, amekuleta mpaka kwenye ngazi ya ubao, akageuka ili nikupokee kutoka mgongoni mwake. Sikunyoosha mikono.

"Mama," nikasema, "mutoto abakie."

"Abakie namna gani? Angali ananyonya."

"Desturi iko. Mutoto anakuyaka kwa nkambo."

"Anakuyaka wakati anaacha maziba. Na mama njo anamuleta, anakaa naye mpaka mutoto anatuzoelea. Haiko kumutupa ku meli sawa muzigo."

"Nimechoka, mama."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, hilo nalikumbuka. "Basi lala hapa tena," akasema. "Miye nitamubeba, weye utalala. Meli ingine itakuya."

Nikasema karatasi yangu inaisha. Ilikuwa na siku tisa bado. Meli ikapiga honi, watu wa kuni wakaanza kuvuta ubao, nami nikapanda tisharini na mzigo wangu. Wewe uligeuza kichwa kunitafuta, naye akageuka pamoja nawe, ili usinione nikienda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini maji yanapeleka sauti: "Basi nitasema ni miye nilimukamata. Muntu asikutukane kule ku muji. Lakini ukuye weye mwenyewe kumutwaa. Usitume muntu."

Nikasema ndiyo.

Njia nzima nililala. Kwenye tishari nililala, Bukama nililala kwenye benchi, kwenye treni nililala mpaka Jadotville, na nilipoamka nilijisikia vizuri. Lazima nikuambie hilo pia. Kama ningekuwa na majuto mara moja, ningeshuka nikarudi. Majuto yalikuja baadaye, mahali pasipo na meli.

Baba yako alikuwa stesheni, amevaa koti. Alinitazama mgongoni, akatazama nyuma yangu, ndani ya behewa. "Filo iko wapi?"

"Mama yako alimukamata. Mbele ya bantu bote. Ningefanya namna gani?"

Akasema, "Ah, njo vile ku kwetu," na akanibebea mzigo. Wiki ile alijivuna kwa wenzake wa kazini kwamba mama yake amemchukua mtoto wake wa kwanza kama inavyotakiwa. Nilimsikia akijivuna, nikaendelea kumenya viazi. Uwongo wangu ulimfurahisha mtu, kwa hiyo ulikuwa mgumu kuuondoa.

Mwaka wa kwanza nilijifunza kushona kwa masista. Ile mashine unayoiacha hapa nyumbani nilijifunza kuikanyaga mwaka ule, kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu. Mwaka wa pili nilitaka kuja kukuchukua, lakini nilikuwa nimeshawaambia wanawake wote wa kambi jinsi nkambo alivyo mkali, na ningewaambia nini nikirudi nawe kirahisi? Mwaka wa tatu nilipata mimba, ikaharibika, nikasema ni adhabu, nikaogopa zaidi. Baba yako alikuwa anatuma barua kwa mkono wa mtu wa meli, katekista wa Mulongo anamsomea mama yake, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: "Mama yake akuye." Baba yako alilisoma akasema mama yake ana kiburi, anataka mkwe aje kupiga magoti. Mimi nilijua alichokuwa anasema. Nilikunja barua nikaziweka pamoja na nyingine.

Mwaka wa nne alipata likizo, akaenda mwenyewe. Hili hakuwahi kukusimulia, na wewe ulikuwa na miaka mitano, sijui unakumbuka nini. Alimkuta mama yake kwenye vichanja vya samaki, wewe umejificha nyuma yake, umeshika nguo yake. Alikuwa amemletea kitenge kipya. Lakini alikuwa amekaa na hasira miaka mingi, na hasira ile niliipika mimi, nikamlisha kila jioni. Akasema mbele ya watu wa meli, mbele ya watu wa samaki: "Ulimwiba mutoto yangu!"

Mama yake akasema: "Ee. Ni miye."

Neno hilo tu. Hakumtaja mkwe wake. Baba yako akakushika mkono, akakupandisha melini, na kitenge akarudi nacho. Mvua zilizofuata, mtu wa meli akaleta habari kwamba nkambo amekufa. Baba yako hakwenda kilioni. Alisema karatasi ya ruhusa ilichelewa. Haikuchelewa, Filomena. Hakuiomba.

Wewe ulifika hapa na Kiluba chako na kiatu kimoja kisichokuingia tena. Uliniita Madamu, kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu. Kila asubuhi ulikuwa unauliza meli inapita saa ngapi, na sisi tunakaa mahali pasipo mto wa meli. Ulilala karibu na mlango karibu mwezi mzima. Ulipouliza, "Nkambo alifanya nini?", nilikuambia: alikuiba kwangu. Nilikuambia wewe pia. Nilihitaji unipende, na sikuona njia nyingine. Ukaanza kunipenda, nashukuru, lakini nilimlipisha mtu mwingine kwa ajili ya upendo huo.

Basi Jumamosi uliposema unamwogopa mama yake Alfonsi, kwamba atafanya kama nkambo, nilifanya nini? Nilifurahi. Nilikuwa nimeshachagua Gasto atalala upande gani wa chumba, na nani nitamwonyesha kwanza Jumapili. Uwongo wa miaka ishirini ulikuwa umenizalia mjukuu wa kukaa naye, na yule mama wa Ankoro, ambaye hajakosa kitu, angecheza arusi ya binti yake huku anajiuliza kwa nini mkwe ameficha mtoto. Nilikaa na furaha hiyo mpaka Jumapili misa ilipokwisha. Sikusikia mahubiri.

Nilimwambia baba yako kabla yako. Isingefaa wewe ujue ndani ya treni, na yeye asijue ndani ya nyumba yake. Tuliketi nje, kofia iko gotini kwake. Nilisema yote, bila kupunguza, hata lile la maziwa kwenye mchanga.

"Mama alisema ni ye," akasema.

"Ee."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

Aliinuka akaenda kutengeneza baiskeli. Ilikuwa haijaharibika. Tangu siku ile ananiambia "chumvi" na "mlango" na "asante". Wewe uliniuliza kama tumegombana, nikasema ni meno yanamuuma. Samahani kwa uwongo huo mdogo, ulikuwa wa mwisho.

Leo asubuhi, kabla hajatoka, alifungua lile sanduku la chini ya kitanda, akatoa kitenge. Mwaka mmoja, wakati wa Krismasi, nilikiona, nikadhani ni changu, nikamwomba nikivae, akanikatalia kwa sauti ambayo sikuisahau. Akakiweka mezani juu ya mkate. "Filo apeleke hii kwa mama," akasema. "Na Gasto aende naye. Mama hakukamataka mutoto ya muntu." Kisha akasema, "Chai iko baridi," nikampashia. Yalikuwa maneno mengi kuliko ya siku tatu zilizopita, na sijui kama ni msamaha. Sikuuliza.

Sasa yako wewe. Si siku ya kwanza itakayokushinda. Siku ya kwanza utakuwa na nguvu, utakuwa unagombana na moshi, na maji, na Gasto, na utaona unaweza. Ni siku ya tatu ya arusi, ukishakula, ukishalala, mtoto anacheka kwenye mgongo wa mtu mwingine, na wewe unagundua mwili wako ulivyokuwa mwepesi zamani. Hapo mimi nilidhani nimekuwa mama mbaya, kwa sababu nilifurahi kukosa uzito wako. Nikaficha furaha ile, na kwa kuificha nikafanya ubaya wenyewe. Ningemwambia mtu tu: nimechoka, mbebeeni. Nilikuja kumwambia nkambo wakati ubao wa meli unakaribia kuvutwa. Alinijibu vizuri, nami sikuwa na muda wa kusikia.

Basi Ankoro mgawe Gasto kwa migongo yote. Mpe mama yake Alfonsi kwanza, kabla hajaomba. Kula bukari ya moto. Lala. Cheza, ingawa wewe huchezi vizuri, umemfuata baba yako. Maziwa yakikujaa, mwite mwanao. Na siku ya meli, mchukue.

Na kama siku moja, mwaka mwingine, utataka mwenyewe akae kwa nkambo wake, sitakukataza. Kuna watoto waliokaa wakapendwa. Wewe ulipendwa kule. Nimekuona hata sasa ukisafisha samaki unaimba kitu ambacho mimi sikukufundisha. Lakini kaeni wote mpaka mtoto azoee, na watu wakikuuliza nani ameamua, usimtafute mzee wa kumtwika.

King'ora hakijalia bado, lakini Gasto ameamka. Amekaa ananitazama nikiandika, na anataka kalamu. Ana jasho shingoni. Nikimwangalia hivi, nakuambia kweli, natamani abaki kuliko nilivyotamani kitu chochote tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nimempa kifuniko cha sufuria, ametulia kwa muda.

Viatu vyake nimeviweka chini kabisa ya sanduku lako. Asivae njiani.

Meli ikipita Kikondja, anza kujiandaa. Inasimama Mulongo, kabla ya Ankoro, kuchukua kuni, na kuni haziingii kwa haraka, utapata muda. Uliza nyumba ya vichanja vya samaki, watakuonyesha na kaburi, haliko mbali na maji. Mbebe Gasto mgongoni, amwone. Tandika kile kitenge, ni cha mwanawe, kimechelewa tu. Sema Kiluba, bado unakijua kuliko sisi wote. Mwambie alisubiri mkwe wake aje mwenyewe, na mkwe hakuja, ametuma mtu tena kama alivyokatazwa. Mwambie mwanawe ameshajua. Halafu msomee mstari huu wa mwisho, kwa sauti, na kama kuna watu wa samaki karibu, na wao wasikie.

Mama, si wewe uliyemkamata. Ni mimi niliyemuacha,

Anastazia, mama yake Filomena.